Pombe Imehama Baa, Ukaguzi Umebaki Mlangoni: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Vileo

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia leseni za vileo, ushuru wa bidhaa na udhibiti wa ulevi, katika Serikali ya Kitaifa na katika Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Kwa heshima na taadhima,

KUH: SOKO LA VILEO LILILOBADILIKA NA UDHIBITI USIOLIFUATA

Mimi ni mwanamke mwenye baa ndogo katika mtaa wa Umoja, huku Eastlands, upande wa mashariki wa jiji hili. Niliifungua mwaka wa 2006, na tangu hapo sijawahi kuuza hata chupa moja pasipo leseni iliyo hai kuning'inia ukutani nyuma ya kaunta. Katika mwaka mmoja uliopita nimeiandikia ofisi inayohusika barua tatu kuhusu mambo nitakayoyaeleza hapa. Ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa, kisha kimya. Ya pili nilipoifuatilia niliambiwa kwamba faili limehamishwa na aliyelihamisha yuko likizoni. Ya tatu niliipeleka mwenyewe pamoja na picha za chupa, na afisa aliyeipokea akanishauri, kwa upole na nadhani kwa nia njema, kwamba mfanyabiashara mwenye busara hujishughulisha na biashara yake. Nimelitafakari shauri hilo kwa muda mrefu. Nimeona kwamba haya ndiyo biashara yangu, na kwa kuwa milango ya ofisi imekataa kufunguka, ninayasema hadharani.

Natanguliza maslahi yangu ili yasitumiwe baadaye kunijibu. Ninauza pombe. Pombe imenisomeshea watoto watatu, na mtu akihama baa yangu kwenda kunywa kwingine, mimi napoteza. Hata hivyo, aliyesimama nyuma ya kaunta kwa miaka yote hii huona jambo ambalo mwenye kusoma ripoti halioni: ni nani aliyeacha kuja, ameanza kunywa nini, na amekuwaje miezi sita baadaye.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi wetu bado tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, ilitungwa kwa ajili ya soko lililokuwa na mlango. Mtu alitoka kazini, akaingia baa, akaketi, akaagiza bia mbili au tatu, akala nyama, akaondoka. Sheria ilijua pa kumpata. Ikatuwekea saa za kuuza, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwisho wa wiki na sikukuu; ikakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18; ikaondoa pombe ya vifuko. Wakati ule niliipinga pamoja na wenzangu, na leo nakiri kwamba mengi yake yalikuwa ya haki.

Soko hilo limepasuka pande mbili. Upande mmoja, katika mitaa yenye uwezo kama vile Kilimani na Westlands, kuna vijana wenye kazi nzuri wanaokunywa mara chache na kuchagua kinywaji cha bei, na wengine huagiza bia isiyo na kileo kabisa bila kuona haya. Hata kwangu wameanza kuiulizia, nami nimeiweka kwenye friji. Upande wa pili, ambao ndio wa mitaa yetu, mnywaji hajapunguza pombe, amepunguza bei. Ameacha bia, ameacha kiti, ameacha mwenzake wa mezani, amekwenda kwenye dirisha lenye vyuma la duka la waini na spiriti, akanunua robo, ile chupa ndogo ya pombe kali, akaitia mfukoni na kuinywa akitembea. Malalamiko yangu yote yanaanzia hapo.

1. Ushuru wenu unamsukuma maskini kutoka kwenye bia hadi kwenye pombe kali.

Tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa bidhaa kwa vileo hutozwa kwa kufuata kiasi cha kileo halisi kilichomo. Kanuni hiyo ni nzuri na niliifurahia niliposikia habari zake. Lakini bia hutozwa Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi, na pombe kali hutozwa Sh10 kwa sentilita ile ile. Naomba tufanye hesabu pamoja. Robo, yaani chupa ya mililita 250, ikiwa na nguvu ya asilimia 40, ina sentilita 10 za kileo halisi, na ushuru wake ni Sh100. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina sentilita 2.1, na ushuru wake ni Sh47.25. Maana yake ni kwamba ndani ya robo moja kuna kileo cha karibu bia tano, na kileo hicho kikiwa kwenye bia Serikali inadai Sh225, ilhali kikiwa kwenye robo inadai Sh100.

Waheshimiwa, kijana wa mjengo anayelipwa kwa siku hahitaji shahada ya uchumi ili aielewe hesabu hiyo. Anaielewa kila jioni. Alikuwa akija kwangu kunywa bia mbili na kurudi nyumbani akiwa anajua jina lake. Siku hizi pesa zile zile zinampa chupa ambayo ni zaidi ya mara mbili ya kileo alichokuwa akikinywa, na anaimaliza kwa nusu saa, bila chakula. Sijawahi kuona bia ikimbadilisha mtu kwa kasi niliyoiona robo ikiwabadilisha wateja wangu wa zamani. Wanavimba nyuso, mikono inatetemeka asubuhi, na baadaye hawapiti tena mbele ya baa kwa sababu wanaona aibu kusalimiana nami.

Najua jibu mtakalonipa: kwamba pombe kali ikipandishiwa ushuru, watu watakimbilia chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na sumu. Jibu hilo lina uzito, kwa sababu tumeshaliona likitokea. Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliwaua watu zaidi ya 130 katika vitongoji vya Mukuru, na wengine wakapofuka. Baadaye, mwaka wa 2004, bia ya kegi ya bei nafuu ikaletwa kwa punguzo la ushuru ili maskini apate kinywaji safi. Oktoba 2013 punguzo hilo likakatwa kwa nusu, mauzo ya kegi yakaporomoka, na Mei 2014 makumi ya watu wakafa kwa pombe ya sumu huko Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Sisi wenye baa tuliyaona mapipa ya kegi yakirudishwa yakiwa yamejaa, na tulijua wanywaji wake hawakuacha kunywa. Kwa hiyo siombi ushuru wa robo upandishwe kesho. Ninaomba ushuru wa kinywaji chepesi ushushwe, ili bia na kegi zisikimbiwe kwa sababu ya bei, na pengo kati ya 22.50 na 10 lipungue kutoka upande ulio salama.

2. Bei yenyewe inawaonyesha chupa isiyolipiwa ushuru, nanyi hamtazami bei.

Ikiwa robo halali hudaiwa Sh100 za ushuru wa bidhaa peke yake, kisha kuna ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16, gharama ya chupa, ya kiwanda, ya usafiri na faida ya muuzaji, basi robo inayouzwa Sh120 kwa rejareja haiwezi kuwa imelipa. Hakuna haja ya maabara kulijua hilo. Robo za bei hiyo zinauzwa mchana kweupe hatua chache kutoka barabara kuu za Eastlands, zikiwa na lebo za kupendeza na stempu za ushuru ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na za kweli. Mamlaka ya Mapato iliwapa wananchi programu ya simu ya Soma Label ili tukague stempu wenyewe. Niliitumia. Kwa muda wa majuma sita niliokota chupa tupu kwenye njia ya nyuma ya mtaa wetu inayoelekea shuleni, nikapata 31. Stempu za 19 kati ya hizo ama hazikusomeka ama zilitaja kinywaji tofauti na kilichoandikwa kwenye lebo. Chupa hizo nimezihifadhi ndani ya sanduku, na picha zake ndizo nilizoziambatisha kwenye barua ya tatu.

Utafiti wa Euromonitor uliofanywa kwa ajili ya chama cha watengenezaji wa vileo ulikadiria kwamba asilimia 60 ya pombe inayonywewa nchini ni haramu. Msomaji ana haki ya kukumbuka kwamba watengenezaji wana lao jambo katika takwimu hiyo. Lakini hata ukiipunguza kwa nusu, bado mnakagua leseni za wachache na kuwaacha wengi wanywe wasichokijua. Februari 2024, huko Kirinyaga, angalau watu 17 walikufa kwa pombe waliyoinunua kwenye baa ya kijijini. Machi yake Wizara ya Usalama wa Ndani ikatoa maagizo makali kwa nchi nzima. Mtaani kwetu maagizo hayo yalionekana kwa majuma machache, na yalionekana zaidi kwenye milango iliyokuwa na leseni.

3. Hakuna anayeuliza umri kwenye lango la nyumba.

Hili ndilo lililonisukuma niandike barua ya kwanza, na naomba mlisome kwa makini kuliko mengine.

Machi 2020, baa zilipofungwa kwa ajili ya korona, watu walizoea kuagiza pombe kwa simu na kuletewa na bodaboda. Baa zilifunguliwa tena lakini mazoea yale hayakuondoka, na kwa mtu mzima ninayaona kuwa na faida: anakunywa kwake, haendeshi gari usiku. Sasa nisikilizeni. Jumamosi moja, saa nne na nusu usiku, mwendeshaji wa bodaboda alisimama mbele ya baa yangu kuulizia jumba fulani. Nilimwelekeza. Alikuwa na mzinga wa vodka na soda mbili ndani ya mfuko wa karatasi. Nyumba aliyokuwa akiitafuta ninaijua. Mama mwenye nyumba ni muuguzi na usiku ule alikuwa zamu, na aliyekuwa nyumbani ni mwanawe wa kidato cha tatu. Nilimfuata yule mwendeshaji kwa miguu. Nilipofika langoni, kijana alikuwa amekwisha kupokea, pesa zimekwisha kulipwa kwa M-Pesa, na mwendeshaji akaniambia maneno ambayo sina uwezo wa kuyapinga: "Mama, mimi naletewa oda na nambari ya nyumba. Sijapewa umri wa mtu."

Alisema kweli. Mimi nikimuuzia mtoto yule bia moja, ninafungwa na leseni yangu inachukuliwa, na ni haki. Lakini kati ya anayeuza kwa simu, anayemiliki programu, anayebeba na anayepokea pesa, hakuna hata mmoja aliyeulizwa chochote, wala hakuna afisa wenu aliyewahi kusimama kwenye lango lile. Mama yake nilimweleza kesho yake asubuhi. Sitaeleza alivyolia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba mtu 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hunywa pombe, na kwamba umri mdogo kabisa ulioripotiwa wa kuonja pombe mara ya kwanza ni miaka 7. Mnazo habari hizo kuliko mimi.

4. Pombe inapewa ladha na sura ya kinywaji cha watoto.

Ladha ya nanasi, ladha ya nazi, ladha ya embe, chupa za rangi, utamu unaoficha ukali. Sisemi kwamba mtu mzima asinywe kinachompendeza, na wanawake wanaoagiza vinywaji hivi kwangu wanatumia pesa zao kwa akili zao. Ninalalamika kwamba onyo la afya limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko picha ya tunda, na kwamba matangazo yake yanapita kwenye simu za wanafunzi kila jioni.

Tena pima jambo hili kwa upana wake. Agosti 2025, shirika la Gallup lilitangaza kwamba ni asilimia 54 tu ya watu wazima wa Marekani wanaosema wanakunywa pombe, kiwango cha chini kuliko chochote tangu lianze kuuliza swali hilo miaka ya 1930. Desemba mwaka huo huo, kampuni ya Diageo ya Uingereza ikakubali kuiuzia Asahi ya Ujapani hisa zake za asilimia 65 katika EABL, kampuni kubwa ya bia ya hapa kwetu, kwa takriban dola bilioni 2.3. Hakuna atoaye fedha kama hizo kwa soko analolitarajia lidumae. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Vijana wa kwao wakipunguza kunywa, macho ya wauzaji yatakuja kwa wa kwetu. Kampuni kutafuta wateja si kosa; kosa litakuwa lenu mkiwapokea wawekezaji hao bila kanuni ya matangazo iliyoandikwa kwa ajili ya simu.

5. Ukaguzi unamwendea aliye rahisi kupatikana.

Katika miezi kumi na miwili iliyopita baa yangu imetembelewa na maafisa mara kumi na nne. Mara mbili walikagua vinywaji. Mara kumi na mbili waliuliza leseni, cheti cha afya, cheti cha zimamoto, kisha wakakaa kimya wakiningoja nielewe. Sitaitaja ofisi wala mtu, kwa kuwa shida hii si ya mtu mmoja. Duka lililo kona ya pili, ambalo huuza kuanzia alfajiri kupitia dirishani, sijaona likitembelewa hata mara moja. Mhudumu wangu mmoja aliacha kazi baada ya kulala korokoroni usiku mzima kwa kosa la kukutwa akipanga viti saa tano na dakika kumi. Ana mtoto anayenyonya.

Mtaniambia kwamba maafisa hawatoshi. Ziara kumi na nne kwa baa moja ndogo zinaonyesha kwamba wapo, ila wanapelekwa mahali ambapo pana mlango wa kugonga na mtu wa kujibu.

Mtaniambia pia kwamba sera mpya ya kitaifa, iliyozinduliwa Julai 2025, imekwisha kuyajibu haya, kwa sababu inapendekeza umri upandishwe hadi miaka 21 na uuzaji wa mtandaoni pamoja na upelekaji wa pombe nyumbani upigwe marufuku. Nimeisoma. Kwanza, sera si sheria, nanyi wenyewe mlilisema hilo wananchi walipohoji. Pili, yule mwendeshaji wa bodaboda hakuuliza kama kijana ametimiza 18, na ukiandika 21 bado hatauliza. Tatu, marufuku kamili itaufanya uuzaji ule uhamie kwenye nambari za simu za siri, kama ilivyokuwa kwa chang'aa kwa miongo mingi, na hapo hata kampuni iliyo na ofisi na mhasibu haitapatikana ya kuulizwa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba mambo yafuatayo, nami nayaandika kwa mpangilio wa uharaka wake.

Kwanza, upelekaji wa pombe nyumbani upewe leseni yake, yenye saa zake, na anayepokea aonyeshe kitambulisho mlangoni, nambari yake irekodiwe, na muuzaji awajibike mtoto akipokea kama ninavyowajibika mimi. Pili, wakaguzi waanze na bei: kila robo inayouzwa chini ya kile ushuru na gharama zinachokiruhusu ichukuliwe, ifuatiliwe hadi ghalani, na matokeo ya maabara yatangazwe kwa wakazi wa mtaa husika. Tatu, katika Mswada wa Fedha ujao, ushuru wa bia nyepesi na kegi uangaliwe upya dhidi ya ule wa pombe kali, na wananchi wa Eastlands tusikilizwe katika mtaa wetu, kwa lugha tunayoielewa, kabla ya kura kupigwa. Nne, kila ziara ya ukaguzi iandikwe kwenye kitabu kinachobaki kwenye baa, kikiwa na jina la afisa, nambari yake ya kazi na alichokikagua. Kuhusu matangazo na lebo, ninaomba onyo la afya liwe kubwa kama picha ya tunda.

Katiba imeipa kaunti utoaji wa leseni za vileo, na imeiachia Serikali ya Kitaifa ushuru wa bidhaa na polisi. Nimeshapelekwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kwa hoja hiyo. Ndiyo maana barua hii moja imeandikwa kwenu nyote, na ninaomba jibu moja lililotiwa sahihi na pande zote mbili ndani ya siku 30. Lisipopatikana, nitawasilisha ombi rasmi Bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba. Wakazi wa mtaa wetu, wakiwemo wenye baa wenzangu, walimu na yule mama muuguzi, wamekwisha kuniambia kwamba watatia sahihi.

Jina langu na nambari ya leseni yangu mnazo katika zile barua tatu. Sanduku lenye chupa 31 liko chini ya kaunta yangu, na kila chupa nimeiandikia tarehe na mahali nilipoiokota. Ninaomba afisa atakayetumwa kulichukua azihesabu mbele yangu na atie sahihi kwamba amezipokea.

Wenu mtiifu,

Mwenye baa,
Umoja, Nairobi.